Wanaoungua Ruma nao wahesabiwe

Kila kiangazi kinapokausha nyasi za bonde la Lambwe, sisi wakazi wa Homa Bay na jirani zetu wa Migori huisikia kauli ile ile: "Moto umezuka." Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, kauli hii hunikera. Kuzuka ni kitenzi kisichodai mtendaji. Uvumi huzuka, upele huzuka. Lakini moto wa mbugani mara nyingi huwashwa. Yupo mwindaji anayetaka kuwafurusha wanyama, na yupo mfugaji anayetaka majani mabichi. Tukisema umezuka, tumekwisha kumwachilia huru kabla hajakamatwa.

Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa takriban kilomita 120 za mraba, ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Sensa ya wanyamapori ya 2021 iliwapata 15 tu. Ndama wa swara huyu mkubwa hufichwa na mamaye katika nyasi ndefu kwa majuma kadhaa baada ya kuzaliwa, na kinga yake ni kutulia kimya. Dhidi ya chui, kimya hicho humwokoa. Dhidi ya moto, humwua. Sembuse kobe, na makinda ya ndege wanaotaga chini?

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 102, humtia hatiani achomaye mimea katika eneo lililohifadhiwa. Faini yake haipungui shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua miaka miwili, au vyote viwili. Ni vyema, lakini tazama kinachotajwa: mimea. Kanuni ya Adhabu nayo humlinda mkulima wa Awendo ambaye miwa yake imetiwa moto, kwa kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu chake cha 338 hukataza kuua au kujeruhi mnyama, ila awe mnyama "anayeweza kuibwa". Ng'ombe anaibika, sungura aliyeteketea katika miwa ile ile haibiki, kwa hiyo hayumo.

Kiswahili kimewatangulia watunga sheria. Mnyama hatumweki katika ngeli moja na kiti au kisu. Twasema ameungua, amelia, amekufa, kwa upatanisho ule ule tunaoutumia kwa binadamu. Lugha imemkubali kuwa ni kiumbe anayepatikana na jambo. Hati ya mashtaka itashindwaje?

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba wanavijiji wanaoipakana na mbuga ni maskini, na kwamba fisi akila mbuzi wao, fidia huchelewa. Hoja hiyo ina uzito, na fidia ilipwe. Lakini deni la serikali halilipwi na ndama wa korongo. Isitoshe, kifungu hicho cha 102 humgusa pia aliyeacha moto uliowashwa na watumishi wake uingie hifadhini. Basi tusiridhike kumfunga kijana mchungaji huku mwenye mifugo aliyemtuma akinywa chai nyumbani.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, baada ya kila moto, askari wa Shirika la Wanyamapori wahesabu mizoga na majeruhi, na hesabu hiyo iwekwe mbele ya hakimu anapopima adhabu, pamoja na shtaka la ukatili dhidi ya wanyama pale ushahidi unapotosha. Pili, wananchi tuutumie mlango ambao Katiba ya 2010 imetufungulia. Ibara ya 70 humruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, wala halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mlango huo ni kana kwamba ulichongwa kwa ajili ya wasioweza kusimama kizimbani na kusema, "Mimi niliungua."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Ruma mambo yamegeuka: aliyelichuma janga hali, na wanaolishwa ni wale wasiojua hata kiberiti ni nini. Tuanze kwa kusahihisha kauli yetu. Moto haukuzuka. Uliwashwa, na aliyeuwasha ana jina.