Mjadala wa Redioni Nao Ni Ushahidi

Wasomi wetu wengi wa maadili ya tiba wanaamini kwamba haki na dhuluma katika chanjo au utafiti hupimwa na kamati, na kwamba yanayosemwa magazetini na redioni ni kelele za wasiojua. Wakipewa takwimu, watanyamaza. Imani hii ni potofu, na imetugharimu.

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilitiwa homoni ya hCG ili kuwafunga uzazi. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha, nami nasimama nao. Wataalamu wakaona yamekwisha.

Hayakwisha. Swali lililozagaa lilikuwa: mbona wanawake tu, tena wa umri wa kuzaa? Jibu lipo. Mtoto mchanga huambukizwa pepopunda kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na mama aliyechanjwa humpa kinga angali tumboni. Lakini aliyeuliza alikuwa akidai kuelezwa kabla ya kudungwa, na bila maelezo hakuna ridhaa. Isitoshe, hofu ile ilikuwa na historia: tangu miaka ya 1970 wanasayansi walitafiti chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha sehemu ya hCG na toksoidi ya pepopunda. Ilikuwa chanjo nyingine kabisa. Ni nani aliyewaeleza akina mama tofauti hiyo mapema?

Mtaniambia wingi wa sauti haugeuzi baya kuwa jema. Kweli kabisa, na anayechambua mjadala kwa utaratibu hahesabu kura. Anauliza nani alipewa kipaza sauti, hoja gani ilipuuzwa, neno gani lilibeba hofu. Alisikika askofu, akasikika waziri. Mama aliyenyoosha mkono alisikika wapi? Swali hilo ni la haki, na fomu za kamati haziliulizi.

Mfano mwingine: Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja kutoka Ufaransa walizungumza kwenye runinga ya LCI kuhusu kujaribu chanjo ya kifua kikuu, BCG, dhidi ya korona barani Afrika, mmoja akitaja ukosefu wa barakoa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Waafrika waliwaka, na mkuu wa WHO, Tedros, akaulaani mtazamo ule kuwa wa kikoloni. Hasira ile ilieleza wazi nani huchaguliwa kubeba hatari, na kwa nini.

Basi kamati zetu zidai, kabla ya kuidhinisha jaribio lolote la chanjo, uchambuzi wa yale ambayo wananchi wameshayasema hadharani kuihusu, na mtafiti aonyeshe ameyajibu vipi.