ADUI AKISHAANGUKA, JE?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka huu hapa madrasa kumekuwa na gumzo ambalo halikutokana na masomo yetu. Vijana wa kundi la jioni, wale wanaosoma sekondari, walikuwa wakipokezana vitabu vya The Hunger Games vya mwandishi wa Marekani, Suzanne Collins. Cha kwanza kilitoka mwaka 2008, cha pili 2009, na cha mwisho, kiitwacho Mockingjay, kilitoka 2010. Wengi walikuwa wameshaona filamu zake nne zilizotolewa kati ya 2012 na 2015, lakini walitaka kuyasoma wenyewe. Kitabu cha mwisho kilizunguka mkono kwa mkono hadi jalada likabanduka. Aliyekimaliza alikatazwa kusema, na ambaye hajakimaliza aliziba masikio. Wapo waliokuja darasani na macho mekundu kwa kukesha, na wapo walionuna siku nzima kwa kuwa mwisho haukwenda walivyoutaka.

Baadhi ya wazazi wameuliza kama vitabu hivi vipigwe marufuku. Hoja zao ni mbili. Ya kwanza, kwamba vinasimulia dunia baada ya maangamizi, na mambo ya Kiyama elimu yake iko kwa Allah peke yake. Ya pili, kwamba ndani yake watoto wanauana. Hoja zote mbili zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Kuhusu ya kwanza, kisa hiki hakielezi Kiyama. Kinaeleza nchi ya kubuni iitwayo Panem, iliyosimama Amerika ya Kaskazini baada ya maafa na vita. Mji mkuu wake, Capitol, unatawala wilaya 12. Kila mwaka kila wilaya inalazimishwa kutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 18, wapelekwe uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima itazame. Ni kisa cha dhulma. Na visa vya watu waliobaki baada ya maangamizi si vigeni kwetu. Tunamsoma Nabii Nuh (A.S.) na wale waliopanda naye safina. Katika Surat al-Kahf tunawasoma vijana waliolala pangoni na kuamka katika zama nyingine. Marehemu Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alimfikisha Adili kwenye mji ambao watu wake wamegeuka mawe, akamkuta hai msichana mmoja tu, Mwelekevu. Wazee wetu walikisoma kitabu hicho shuleni na imani zao hazikuyumba.

Kuhusu hoja ya pili, nakubaliana na wazazi kwa sehemu. Hivi si vitabu vya watoto wadogo. Mtoto wa darasa la nne asipewe. Lakini kijana wa kidato cha pili na kuendelea anaweza kuvisoma, na mzazi amuulize: umeelewa nini? Tukimnyang'anya tu, atavisoma kwenye simu chini ya shuka, na hapo hakuna wa kumuuliza.

Sasa nije kwenye mwisho wenyewe, maana ndio uliozua ugomvi. Ambaye hajamaliza kitabu aruke aya mbili zinazofuata.

Msichana Katniss Everdeen, mwenye miaka 17, amekuwa alama ya uasi dhidi ya dhalimu mkubwa, Rais Snow. Wilaya zinashinda. Snow anakamatwa. Wasomaji wetu walitarajia shangwe: mshale mmoja, adui chini, basi. Badala yake, kiongozi wa waasi, mama mmoja aitwaye Coin, anawaita washindi 7 wa michezo ya zamani waliobaki hai, na kuwapa shauri. Anataka ufanywe mchezo wa mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol. Yaani waliodhulumiwa wachinje watoto wa waliowadhulumu. Kura zinapigwa, na wanne kati ya saba wanakubali. Katniss mwenyewe anatamka ndiyo. Lakini siku ya kumuua Snow mbele ya umma, anageuza upinde na kumpiga Coin.

Hapo ndipo wanafunzi wangu walipogawanyika. Mmoja alisema, "Ustadhi, ameharibu hadithi, adui alikuwa Snow." Mwingine akamjibu, "Adui alikuwa mchezo wenyewe." Jibu la huyu wa pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu zangu, kumchukia dhalimu ni rahisi. Mtihani unakuja siku dhalimu anapoanguka na fimbo ikawa mkononi mwako. Surat Yusuf, sura ya 12 yenye aya 111, inatupa kisa hicho mwanzo hadi mwisho. Ndugu walimtupa Yusuf (A.S.) kisimani akiwa mdogo. Miaka ikapita, njaa ikaingia, wakasimama mbele yake wakiomba chakula, naye ndiye mwenye mamlaka juu ya ghala. Aliwaondolea lawama na kuwaombea msamaha kwa Mola wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka wa 8 Hijria na jeshi la watu wapatao 10,000, mbele yake walikuwepo watu waliomtesa na kumfukuza. Aliwaachia huru watu wa Makka kwa ujumla wao. Huo ndio mwisho ambao Coin hakuuweza.

Wala tusidhani mambo haya yako mbali na sisi watu wa Tabora. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walitembea hadi hapa Unyanyembe, na kutoka hapa njia moja ikaenda Ujiji na nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira na wakasifika kwa kazi hiyo. Lakini wapo pia waliopitishwa njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, na miongoni mwa wenye misafara walikuwemo Waislamu kama sisi. Tusiufiche ukweli huo. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hiyo, kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Na mji huu umeona dunia yake ikiisha zaidi ya mara moja. Mwaka 1893 Mtemi Isike, boma lake lilipovunjwa na Wajerumani, aliwasha baruti ndani yake kuliko kushikwa. Mwaka 1912 reli ilifika, na zama za misafara zikafungwa. Septemba 1916 Wajerumani nao wakaukimbia mji, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia. Kila mara walibaki watu, na kila mara ilibidi waamue wataishije na wenzao.

Leo katika msikiti mmoja wanasimama safu moja wajukuu wa Wanyamwezi, wa Wamanyema, wa Waarabu na wa watu wa pwani. Wapo ambao babu zao walimiliki watu, na wapo ambao bibi zao walimilikiwa. Bega kwa bega, kisigino kwa kisigino. Hata hivyo, bado ukitokea ugomvi wa mpira uwanjani utasikia mtoto akimtupia mwenzake neno "mtumwa", naye anajibiwa kwa tusi la babu yake. Huo nao ni mchezo wa Coin. Ni mdogo, lakini ni uleule: kumlipisha mtoto deni ambalo hakulikopa.

Katika kurasa za mwisho, Katniss anarudi kwenye wilaya yake iliyoteketezwa kwa mabomu. Pamoja na wenzake wachache wanaandika kitabu cha kuwakumbuka waliokufa, mtu mmoja mmoja, wasisahaulike. Mwenzake, Peeta, anapanda maua kando ya nyumba. Na asubuhi mbaya, hofu zikimrudia, Katniss huhesabu kichwani kila jambo jema alilowahi kuona mtu akilitenda. Walionuna walitaka fataki. Mimi naona kupanda na kuhesabu mema kunafaa zaidi. Tumepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), katika mapokezi ya Imam Ahmad, mafundisho kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Miembe mikongwe inayoonekana bado kwenye njia ya misafara iliachwa na wapitanjia. Leo anakula embe zake yeyote, bila kuulizwa babu yake alikuwa nani.

Basi nina ombi kwa vijana wetu, mliokesha kwa ajili ya kitabu cha mtu wa Marekani. Likizo hii chukueni daftari, mkae na bibi na babu, mwandike: tulitoka wapi, tulifikaje Tabora, nani alitutendea wema njiani. Wazazi, msiwakatishe wakiuliza maswali magumu. Tukirudi Inshaallah tutayasoma daftari hayo kwa pamoja, na tukubaliane kwamba lile neno la uwanjani halitatamkwa tena na mwanafunzi wa madrasa hii.

Wabillahi tawfiq.


Mwalimu wa kundi la jioni