Mchujo Huanza Kwenye Fomu

Mwaka 2019 shule ya sekondari ya Stuyvesant, iliyopo Manhattan, ilitoa nafasi 895 kwa wanafunzi wapya. Wanafunzi weusi walikuwa saba. Haya yalitokea New York, jiji ambalo weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini ni karibu theluthi mbili ya wanafunzi wote wa shule za umma. Kila mwaka matokeo yakitoka, hesabu za namna hiyo hurudi magazetini na ugomvi ule ule huanza upya. Wapo wanaotaka mtihani wa kuingilia shule kama hiyo ufutwe, na wapo wanaoulinda kama mboni ya jicho. Mimi naona wote wanagombania mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni fomu ya kuomba kuufanya mtihani, na hapo watoto wengi huachwa nje bila mtu kupiga kelele.

Mtihani wenyewe, unaojulikana kwa kifupi kama SHSAT, hutumiwa na shule nane za jiji. Kongwe kati yake ni Stuyvesant, iliyoanzishwa mwaka 1904, Brooklyn Tech ya mwaka 1922 na Bronx Science ya mwaka 1938. Mwaka 1971 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya Hecht-Calandra, iliyoagiza kwamba shule hizo tatu zipokee wanafunzi kwa mtihani wa ushindani. Ripoti ya shule haiangaliwi, barua ya mwalimu haiombwi, usaili hakuna. Mtoto wa darasa la nane hukaa saa tatu akijibu maswali ya Kiingereza na hisabati. Alama hujumlishwa, majina hupangwa kuanzia juu, aliyeongoza hupewa shule aliyoitaja kwanza, kisha huitwa anayemfuata, hivyo hivyo hadi viti viishe. Wazazi huuliza kila mwaka alama ya kufaulu ni ngapi. Haipo. Ni alama ya yule aliyepata kiti cha mwisho, na hakuna aijuaye kabla hajakikalia. Watoto zaidi ya elfu 20 hugombea nafasi elfu nne na ushei.

Mwaka 2018 meya wa wakati huo, Bill de Blasio, alipendekeza mtihani uondolewe na nafasi zigawiwe wanafunzi bora wa kila shule ya kati, kiasi cha asilimia 7 ya kila shule. Pendekezo lilifia kwa wabunge wa jimbo mwaka uliofuata. Waliolipinga kwa nguvu ni pamoja na wazazi wenye asili ya Asia, ambao watoto wao huchukua zaidi ya nusu ya nafasi zote. Hoja yao haifai kubezwa. Wengi wao si matajiri hata kidogo: ni wahamiaji wa Queens na Brooklyn, wapishi wa migahawa, madereva wa teksi, washonaji. Hawajui kuandika barua ya kumvutia mkuu wa shule, wala hawana rafiki kwenye bodi. Kwao mtihani hauna mjomba. Mtoto akikokotoa vizuri amekokotoa vizuri, na lafudhi ya mama yake haimpunguzii alama. Ukiweka mahali pake ripoti za walimu na mahojiano, unarudisha watu waliozoea kujuana.

Hilo nalikubali. Mtihani hauna mjomba, lakini fomu inaye.

Ili mtoto afanye SHSAT, lazima asajiliwe mapema katika msimu wa vuli: kufungua akaunti mtandaoni na kuomba nafasi ya mtihani, yote kabla ya tarehe ya mwisho. Hakuna ada. Kazi yenyewe haimalizi jioni moja. Kwa hiyo si fedha inayomwacha mtoto nje, ni habari, na habari haigawanywi kwa usawa. Mtu hujaza fomu ya kitu anachokijua na anachoamini kinamhusu. Kuna shule za kati ambako mwalimu mshauri huwafuata wanafunzi mmoja mmoja hadi wajisajili, na kuna nyingine ambako tangazo hubandikwa ukutani na mambo yameisha. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya wanaopata nafasi hutoka katika shule za kati chache sana, wakati shule nyingine hupita miaka bila kupeleka mtoto hata mmoja.

Tena fomu hiyo, kusema kweli, haijazwi mwezi ambao dirisha linafunguliwa. Familia zinazojua mchezo huamua miaka miwili au mitatu kabla, mtoto anapoanza twisheni za Jumamosi na za likizo. Anayesikia habari za mtihani wiki chache kabla ya dirisha kufungwa anaweza kujisajili, na jina lake litahesabika miongoni mwa watahiniwa, ila ushindani ulikwisha kuanza bila yeye.

Je, fomu ina uzito kiasi hicho? Marekani yenyewe imetoa majibu mawili, na nashangaa kwamba hayatajwi sana New York.

La kwanza ni la jimbo la Michigan. Mwaka 2007 jimbo hilo liliagiza kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari ya umma afanye ACT, mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu, bure, shuleni kwake, siku ya masomo. Awali alikuwa anaufanya anayetaka, kwa kujisajili na kulipa. Mchumi Joshua Hyman alipochambua takwimu aligundua kwamba kwa kila wanafunzi 10 maskini waliokuwa wakifanya mtihani wa namna hiyo na kufikia kiwango cha chuo kikuu, palikuwa na wengine kama 5 ambao wangefikia kiwango hicho hicho lakini hawakuwa wakiufanya kabisa. Hawa hawakushindwa mtihani. Hawakuonekana.

La pili ni la kaunti ya Broward, Florida. Kule watoto wa madarasa ya vipaji walikuwa wakipatikana kwa kupendekezwa na wazazi au walimu. Mwaka 2005 kaunti ikaamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili. David Card na Laura Giuliano waliofuatilia jambo hilo walikuta kwamba watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliotambuliwa kuwa na vipaji walipanda kutoka asilimia 2 hadi 6, na weusi kutoka asilimia 1 hadi 3. Kisha bajeti ikabana, upimaji wa wote ukasitishwa, na hali ikarudi ilikokuwa. Akili za watoto hazikupungua mwaka ule wa bajeti. Kilichobadilika ni nani anayeitwa mbele.

Sidai kwamba kufuta fomu kutamaliza tatizo la Stuyvesant. Kiti cha Stuyvesant kinataka alama za juu mno, na mtoto ambaye shule yake haikumfundisha sehemu ya hisabati inayotahiniwa hatazipata kwa sababu tu ameletewa karatasi darasani. Twisheni itaendelea kuwa na nguvu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mfumo unaosema huyu mtoto tumempima akakosa na ule unaosema huyu hatukumwona akiomba. Wa kwanza unaweza kuulizwa kwa nini hakufundishwa. Wa pili hujificha nyuma ya uhuru wa mzazi.

Wapo watakaosema kiti chenyewe hakistahili fujo hii. Wana hoja. Utafiti wa Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak, uliochapishwa mwaka 2014, uliwalinganisha watoto wa Boston na New York waliopata nafasi kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache. Baadaye tofauti zao za kitaaluma zilikuwa ndogo sana. Mwaka huo huo Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha uchunguzi kama huo kuhusu shule za kitaifa za Kenya, na hawakuona kwamba kuingia humo kulipandisha alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa waliokuwa mpakani. Mzazi ambaye mtoto wake amekosa kwa alama mbili na apumzike. Lakini tafiti hizo zinawahusu waliofika mpakani, na mtoto ninayemzungumzia hakupelekwa hata kwenye foleni.

Katika jambo hili, Tanzania ina kitu ambacho New York haina. Mtoto wa darasa la saba haombi kufanya mtihani wa taifa. Shule yake humsajili, anaufanyia mahali anaposoma kila siku, na wenye alama za juu huchaguliwa kwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala au Msalato. Mzazi aliyeko Kasulu hahitaji kujua kwamba Ilboru ipo. Tuna malalamiko mengi juu ya mtihani huo, na mengi ni ya haki, lakini hakuna mtoto anayeachwa kwa sababu baba yake hakujua tarehe.

Pembeni yake, hata hivyo, umekua mfumo mwingine. Seminari na shule binafsi zinazotafutwa huwa na fomu zake, ada ya fomu, na mtihani wa usaili unaofanyika kwenye vituo vichache. Ni haki yao. Hofu yangu ni shule za umma kuzoea mtindo huo. Kenya nako mambo yamebadilika: KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na tathmini mpya ya kumaliza sekondari ya chini, KJSEA, ikafanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Kuchagua shule kulikuwepo hata enzi za KCPE. Sasa mtoto huchagua pia mkondo wa masomo, na machaguo huingia kwenye mfumo wa mtandaoni. Kadiri uzito unavyohamia kwenye kuchagua, ndivyo aliye na ndugu mwalimu anavyomtangulia asiye naye.

Kwa hiyo rai yangu kwa wizara za elimu ni moja. Usajili wa mtihani wowote wa kuingilia shule ya umma ubaki mikononi mwa shule, na kila mtoto wa darasa husika apimwe pale pale anaposoma, awe ameomba au hakuomba. Na wewe mzazi ambaye tarehe za fomu unazijua kwa kichwa, mtumie ujumbe jirani yako mwenye mtoto wa rika hilo kabla dirisha halijafungwa.