Fungua Albamu, Watazame Waliosimama Pembeni

Ndugu zetu wa Kigali, nanyi jamaa mlioko Bujumbura, Goma, Kampala na Dar es Salaam, tunawaomba mtoe albamu za zamani kabatini.

Pale Gisozi, Kigali, kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, kuna chumba kilichojaa picha zilizoletwa na familia. Ni picha za nyumbani tu. Watu wamevaa vizuri, wamemtazama mpiga picha, wengine wakitabasamu.

Wengi waliouawa katika mauaji hayo ya mwaka 1994 hawamo chumbani humo. Nyumba zilipoporwa na kuchomwa, albamu nazo ziliteketea. Na zama zile picha ilisubiri harusi, ubatizo, Idi au mwisho wa shule. Wako waliopigwa picha mara moja tu maishani. GAERG, chama cha manusura waliokuwa wanafunzi, kilihesabu familia 15,593 zilizofutika kabisa, jumla ya watu 68,871. Huko hakubaki hata wa kuulizwa picha ziko wapi.

Ndiyo maana tunakuja kwako wewe ambaye albamu yako ilinusurika. Picha ya harusi ya mama yako ina wageni. Yule kijana aliyeshika mwavuli ni nani? Na jirani aliyempakata mtoto? Picha ya darasa, ya kwaya, ya timu ya mpira wa mtaani Nyamirambo au Biryogo, zote zina sura za watoto wa watu wengine. Huenda hiyo uliyo nayo ndiyo sura pekee ya mtu huyo iliyobaki duniani, na dada yake ameitafuta miaka yote hii.

Ulaya, baada ya upigaji picha wa Mfaransa Daguerre kutangazwa mwaka 1839, kuna wazazi waliomwita mpiga picha mtoto akiwa ameshafariki, kwa sababu hawakuwa na picha yake nyingine. Uchungu huo tunaujua. Sisi bado tunayo nafasi ya kuwapata wetu pichani wakiwa hai, wakicheka harusini.

Picha iliyogandana na karatasi ya albamu usiibandue, itachanika. Ipige picha kwa simu karibu na dirisha, bila flashi. Jina, mahali na mwaka viandike nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya. Ukimtambua mtu, watafute jamaa zake kwanza, na uwaulize kwa upole kama wako tayari kuiona. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Wakikubali, nakala ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya Gisozi, na picha yenyewe ibaki kwako.

Usingoje Aprili, mwezi wa maombolezo. Wanaojua majina ya waliosimama pembeni ni bibi na babu zetu, nao wanazidi kupungua. Jumapili hii keti na mmoja wao, albamu magotini, muulize mtu mmoja mmoja.