Tamko la wasindikaji wa alizeti wa Singida, Dodoma na Manyara kuhusu hali ya biashara ya mwezi na matarajio ya msimu ujao

Sisi wasindikaji wa mafuta ya alizeti wa Singida, Dodoma na Manyara, tuliokusanyika katika umoja wa wenye viwanda vidogo na vya kati, tunatoa tamko hili kwa Serikali, kwa mabenki yanayotukopesha, kwa wakulima wanaotuuzia alizeti na kwa wananchi wanaopikia mafuta yetu. Tunalitoa wakati mkulima anasafisha shamba akisubiri mvua za Desemba, na wakati huo tumeuchagua kwa makusudi. Maamuzi makubwa yanayogusa zao hili hutangazwa mavuno yakiwa tayari ghalani au sokoni. Tunataka yatangazwe kabla mbegu haijaingia ardhini, na yafanywe na watu wanaojua viwanda vyetu vimeamkaje mwezi huu, si jinsi vilivyokuwa mwaka jana.

Hali ya mwezi huu ni ile ambayo kila mwenye mashine ya kukamua anaijua ifikapo mwisho wa mwaka. Alizeti iliyobaki ni ya ghala. Ununuzi wa vijijini umekwisha, na magunia machache yanayotembea yako mikononi mwa walanguzi wanaosubiri bei ipande. Viwanda vilivyokuwa vikikamua usiku na mchana mwezi Julai sasa vinawasha mashine siku alizeti inapopatikana. Vibarua wa kupakia na kushusha wameambiwa warudi msimu ukifika. Fundi mkuu na mlinzi ndio wanaobaki, kwa kuwa ukimwachia fundi anayejua kuseti mashine akaondoka, humpati tena Mei.

Anayepita barabara kuu ya Singida akaona madumu ya mafuta yamepangwa kandokando anaweza kudhani biashara imenyooka mwaka mzima. Ukweli ni kwamba msindikaji mdogo ana miezi mitatu, pengine minne, ya kununua malighafi ya mwaka. Alizeti huvunwa kuanzia Mei, na wiki hizohizo mkulima anadaiwa ada ya shule na deni la kulimia, hivyo anauza. Mwenye fedha taslimu Juni ndiye mwenye kiwanda Desemba. Fedha hizo wengi wetu hatuna. Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai 2025, na tuliipokea habari hiyo kwa shukrani, lakini riba za mikopo ya kawaida zimekaa juu ya asilimia 15 kwa miaka mingi, na mkopo wenyewe unadai hati ya kiwanja. Magunia 500 ya alizeti yaliyohifadhiwa vizuri ni mali inayohesabika na inayouzika. Kwa benki nyingi bado hayatoshi kuwa dhamana.

Kuna jambo moja la soko ambalo walio nje ya kazi hii hawaliangalii, nalo ni mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Watu hutuuliza bei ya mafuta tu. Msindikaji wa Kibaigwa au wa Iramba huuliza kwanza bei ya mashudu, kwa sababu mafuta yanapodorora, mashudu ndiyo yanayolipa umeme na mishahara. Wanunuzi wake ni wafugaji na watengenezaji wa chakula cha mifugo wa hapa nchini, wa Kenya na wa India. Wakipunguza oda, sisi tunasikia mapema, wiki kadhaa kabla bei ya dumu haijayumba mjini. Anayetaka kujua viwanda vyetu vinaelekea wapi aanzie hapo.

Sasa tuseme juu ya ushuru, ambako tuna mengi ya kusema. Mahitaji ya mafuta ya kula nchini ni makubwa kuliko tunachokamua, na pengo hilo hujazwa na mawese ya Malaysia na Indonesia. Hatupingi uagizaji, mama lishe hawezi kusubiri Mei ili akaange. Tunachohitaji ni kujua mafuta hayo yataingia kwa masharti gani. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa forodha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, kwa nia ya kulinda mbegu za mafuta za ndani. Tuliipongeza hatua hiyo na wengi wetu tuliongeza mashine. Ila viwango vinavyotofautiana na vile vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huombwa na kuruhusiwa kwa mwaka mmoja mmoja. Kila Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, tunakaa redioni kusikiliza kama ulinzi wa mwaka uliopita utaendelea. Na Juni, alizeti ya msimu imekwisha kulimwa, kupaliliwa na kuvunwa. Mkulima alikwisha kuamua Desemba kupanda ekari ngapi, kwa bei ambayo hakuna aliyeweza kumwambia.

Yaliyotokea mwaka 2022 na 2023 yanaonyesha gharama ya mpangilio huo. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilikata mafuta ya alizeti kutoka kwa wauzaji wakubwa kuliko wote duniani. Aprili 28 mwaka huo Indonesia ikazuia kusafirisha nje mafuta ya mawese, na zuio likadumu hadi Mei 23. Bei zilipaa. Huku kwetu viongozi walihimiza alizeti, mbegu za ruzuku zikagawiwa, na wakulima wakaitikia wito kwa moyo wote. Kuanzia katikati ya 2022 bei ya dunia ikaanza kuteremka, na mafuta ya nje yakashuka nayo. Mavuno ya 2023 yalikuta soko limejaa na bei imeanguka. Wakulima walilalamika, na wabunge wao wakalifikisha jambo hilo bungeni. Mkulima aliyeumia hakuandika barua. Aligeuza shamba lake kuwa la mtama, dengu au vitunguu. Kiwanda ndicho kilichosoma jibu lake msimu uliofuata, mashine zilipokosa cha kukamua.

Tunasisitiza kwamba dalili zilikuwapo. Msindikaji aliona madumu yake hayatoki dukani, aliona wanunuzi wa jumla wakipunguza oda na kudai punguzo, aliona ghala halipungui. Aliyaona mwezi baada ya mwezi, lakini hapakuwa na mtu aliyemuuliza na kuyaandika mahali ambapo mtunga sera angeyasoma Oktoba, miezi miwili kabla ya kupanda.

Kuuliza huko si jambo gumu. Benki Kuu ya Marekani, tawi la Philadelphia, imekuwa ikiwauliza wenye viwanda wa eneo lake, yaani mashariki ya Pennsylvania, kusini ya New Jersey na Delaware, kila mwezi tangu Mei 1968. Tawi la New York lilianza utafiti kama huo mwaka 2001. Maswali ni mepesi. Oda mpya zimeongezeka, zimepungua au ziko vilevile ukilinganisha na mwezi uliopita? Bidhaa ghalani je? Wafanyakazi? Bei unayonunulia na bei unayouzia? Kisha mwenye kiwanda anaulizwa mambo hayohayo kwa miezi sita ijayo. Asilimia ya waliosema yamepungua inatolewa kwenye asilimia ya waliosema yameongezeka, na namba inayobaki inatangazwa. Hakuna anayeombwa kufichua mapato yake wala siri ya biashara, na hilo ndilo linalomfanya ajibu. Jirani zetu wanajua thamani yake: Kenya ina kipimo cha kila mwezi kinachotokana na majibu ya makampuni tangu 2014, na Uganda tangu 2016.

Hapa kwetu Benki Kuu hutoa taarifa ya uchumi wa kanda kila robo mwaka, na tunaisoma. Lakini robo mwaka kwa msindikaji wa alizeti ni msimu mzima wa ununuzi. Taarifa ya Aprili hadi Juni ikitoka, magunia yamekwisha kuhama. Tena swali lile la miezi sita linatufaa sisi kuliko hata hao waliolibuni, maana ukimuuliza msindikaji mwishoni mwa Novemba anatarajia nini miezi sita mbele, umemuuliza juu ya Mei, mwezi wa mavuno. Jibu lake ndilo mkulima anatakiwa alisikie kabla ya kununua mbegu.

Kuhusu matarajio yetu ya miezi hiyo, tunaona dalili njema na tunaona hatari. Umeme umetulia kuliko ulivyokuwa mwishoni mwa 2023, wakati mgawo ulipotusimamishia mashine katikati ya oda. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, imetuondolea hofu hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa nyaya za vijijini bado zinakatika. Wakulima wanaopanda mbegu chotara wanatuletea alizeti yenye mafuta mengi kuliko mbegu ya Rekodi iliyozoeleka, na gunia moja sasa linalipa zaidi. Hatari ni mvua, ambayo hatuiamrishi, na bei ya mafuta ya nje, ambayo Serikali ina sauti juu yake mpakani. Viwanda vyetu vinapanga kununua zaidi msimu ujao endapo ushuru utajulikana mapema. Usipojulikana, kila mmoja atanunua kidogo na kusubiri, na mkulima ndiye atakayebaki na mzigo.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Fedha itangaze mwelekeo wa ushuru wa mafuta ya kula si zaidi ya mwisho wa Oktoba, na ipeleke mbele ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hoja ya kuruhusiwa kiwango kisichobadilika kwa angalau misimu mitatu. Tunaiomba Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake yako Dodoma, hatua chache kutoka viwanda vyetu, ishirikiane na Benki Kuu kuanzisha utafiti wa kila mwezi wa wasindikaji wa mbegu za mafuta, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika redio za mikoa wiki hiyohiyo. Tunayaomba mabenki yaikubali alizeti iliyopimwa na kuhifadhiwa katika ghala linalokaguliwa kuwa dhamana ya mkopo wa msimu.

Kwa upande wetu, kila mwanachama ataandika hali ya kiwanda chake kila mwisho wa mwezi: magunia yaliyoingia, mafuta na mashudu yaliyotoka, bei, siku za kazi na idadi ya watu. Tutaandika hata mwezi ambao mashine zimelala, kwa kuwa mwezi huo nao ni taarifa. Muhtasari wa kwanza utapelekwa kwa ofisi za wakuu wa mikoa mitatu, kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na kwa vyama vya ushirika vya wakulima kabla ya mvua za kwanza za kupandia.