Stempu za Ujiji zisiuzwe bila ushahidi

Anayenunua stempu mtandaoni hulipa kwanza na kuona baadaye. Anaonyeshwa picha moja ya upande wa mbele na kuahidiwa kwamba mali ni halisi. Bahasha ikifika na kasoro ikaonekana, muuzaji hunyamaza hadi muda wa kudai kurejeshewa fedha unapita. Wakusanyaji wameyazoea mambo haya kupita kiasi, na mazoea hayo yamewapa nafuu wasiostahili nafuu.

Kwa Kigoma na Ujiji suala hili lina uzito wa pekee. Julai 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliyoongozwa na Jenerali Charles Tombeur yaliitwaa Kigoma, na siku chache baadaye Ujiji. Hadi Waingereza walipokabidhiwa eneo hilo mwaka 1921, barua za hapa zilisafiri kwa stempu za Kongo ya Kibelgiji zilizopigwa chapa ya Kifaransa na Kiholanzi kutangaza kuwa nchi imekaliwa. Zipo pia zilizopigwa neno moja tu, RUANDA au URUNDI. Hizo ni adimu na ghali, ilhali stempu za Kongo zisizo na chapa zinapatikana kwa bei ndogo. Mghushi anahitaji kidude cha kugongea na wino, basi. Ndiyo sababu chapa za kughushi zimejaa sokoni miaka mingi, na ndiyo sababu muuzaji anayeandika “halisi” bila hati ya mtaalamu hana udhuru. Ama anajua anachokiuza, ama ameamua kutojua.

Hata stempu ya kawaida inamtatiza mnunuzi. Oktoba 1971 Kenya, Uganda na Tanzania zilitoa kwa pamoja stempu ya shilingi 5 kuadhimisha miaka 100 tangu Livingstone na Stanley wakutane Ujiji. Stempu hiyo si adimu. Mwanafunzi wa Gungu, hapa Kigoma, anayetaka kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki angepaswa kufungua orodha ya Kiswahili, bure, na kuikuta humo. Badala yake anategemea katalogi za wafanyabiashara wa London na Marekani, ambazo ni ghali na zimeandikwa kwa Kiingereza.

Sheria haikosekani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe na aieleze bidhaa yake kabla ya kupokea fedha. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani imepewa meno ya kuisimamia. Muuzaji aliye nchini anafikika. Aliye nje ni mgumu kumfikia, lakini soko la mtandaoni linalokata kamisheni katika kila mauzo yake linajulikana lilipo, na haliwezi kula kamisheni huku likikana dhamana.

Wapo watakaosema stempu ni burudani ya wachache. Hoja hiyo haikubaliki. Fedha ya mkusanyaji inalindwa na sheria ileile inayomlinda mnunuzi wa jokofu. Zaidi ya hapo, bahasha yenye muhuri halali wa Kigoma wa miaka ile ni ushahidi wa nani alitawala, barua zilipita wapi na lini. Bahasha ya kughushi ikiingia katika mkusanyo wa jumba la makumbusho, historia ya mji huu inakuwa imeandikwa na tapeli, na kuifuta ni kazi ya vizazi.

Shirika la Posta Tanzania lichapishe mtandaoni orodha kamili ya stempu zilizotolewa kwa jina la nchi hii, pamoja na zile za pamoja za Afrika Mashariki, zikiwa na picha, tarehe na thamani. Kazi hii haihitaji mkopo wala mshauri kutoka nje. Tume ya Ushindani itamke wazi kwamba muuzaji wa stempu za kale asiyeonyesha pande zote mbili, asiyetaja masharti ya kurudisha mali na asiye na hati kwa stempu anayoiita adimu, anavunja sheria. Kisha imshtaki wa kwanza atakayepatikana.

Shirika hilo liko chini ya wizara inayosimamia mawasiliano. Waziri ndiye wa kueleza orodha itatoka lini.