Mto hauna rezo: turudishe foni Tshopo

Ukitoka Kisangani kwa balenieri kuelekea Isangi, simu yako inakuaga mapema. Rezo ya mji inafifia, inarudi kidogo karibu na Yangambi, halafu inapotea tena. Kwa masaa mengi nahodha na abiria wake wanabaki na mto, msitu na mawingu. Mawingu yakianza kujikusanya mchana, hana wa kumuuliza kama mvua ile imeshapiga kijiji kinachofuata ao inapita pembeni. Anaangalia juu, anakisia. Siku nyingine anakisia vibaya.

Kila baada ya ajali tunasikia maneno yaleyale. Boti lilipakia kupita kiasi, lilisafiri usiku, abiria hawakuvaa jaketi za kuokolea maisha. Ni kweli yote. Septemba 2025, ndani ya siku mbili, ajali za Basankusu na Lukolela katika jimbo la Equateur ziliua watu zaidi ya 190, na sababu hizo zilitajwa tena. Lakini kuna swali ambalo ni nadra kusikia likiulizwa. Boti linapowaka moto ao kupinduka katikati ya mto, nahodha anamwita nani, na kwa chombo gani?

Wazee wa mji huu wanaikumbuka foni. Kabla simu za mkononi hazijafika, ukitaka kujua kama mama wa Basoko amepona, ulienda kwenye nyumba ya foni, ukapanga mstari, ukasema mbele ya watu wote, na mwisho wa kila maneno ukasema "over". Wafanyabiashara walipangia bei humo, parokia ziliombea dawa humo, ndugu walitangaziana misiba humo. Siri haikuwepo, na watu walicheka sana. Minara ya simu ilipofika, nyumba hizo zikafungwa moja baada ya nyingine. Tulidhani tumepata kilicho bora. Kwa mji ni kweli. Kwa mto na msitu, tulitupa cha zamani kabla kipya hakijafika.

Tuelewane kuhusu vyombo, maana watu wanavichanganya. Kuna redio ndogo ambazo madereva wa malori wa Marekani walizipenda tangu miaka ya 1970, zinazoitwa CB. Zina chaneli 40 kwenye megahezi 27, nguvu yake ni wati 4 tu, na kule chaneli ya 9 imetengwa kwa ajili ya dharura. Mbele ya maji wazi, boti mbili zinaweza kusikilizana kwa kilomita kadhaa, na hiyo tayari ingemsaidia nahodha anayepishana na mwenzake kwenye kona yenye mchanga. Lakini msitu wetu unameza sauti hiyo haraka. Ili Ubundu isikie Basoko, inahitajika foni yenyewe, ile ya mawimbi mafupi, ambayo sauti yake inapanda juu angani, inagonga tabaka la hewa lenye umeme na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Mchana unachagua masafa ya juu, usiku ya chini. Haiombi mnara wala mkataba wa kila mwezi. Inaomba waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, batri, paneli ya jua na mtu anayejua kuisikiliza.

Majirani zetu wa kaskazini walijifunza thamani yake kwa machozi. Desemba 2009, waasi wa LRA waliua watu zaidi ya 300 katika eneo la Makombo, Haut-Uele, kwa muda wa siku nne. Habari kamili ilitoka kwa dunia mwisho wa Machi 2010. Miezi mitatu! Watu walizikwa na mazao yakavunwa kabla maneno hayajavuka msitu. Baada ya hapo, jimbo la Kanisa Katoliki la Dungu-Doruma pamoja na shirika la Invisible Children waliweka foni katika vijiji vya Uele. Vituo viliitana kila asubuhi na kila jioni, kijiji kimoja baada ya kingine: nani ameonekana, barabara gani si salama, nani amepotea. Mashine ile haikuwazuia waasi wasitembee. Ilifuta ule ukimya wa miezi mitatu.

Wengine watatuambia kwamba wakati wa foni umepita, kwamba Starlink ilipata leseni nchini mwetu Mei 2025 na sasa intaneti inashuka kutoka mbinguni. Tunaipokea kwa mikono miwili, na kituo cha afya kinachoweza kuilipia kiilipie. Ila ujumbe wa simu ao wa intaneti unamfikia yule uliyemtafuta, kama ana chaji, kama amelipa, kama ameshika simu. Ukisema kwenye foni, wote waliofungua wanasikia kwa pamoja, hata yule usiyemjua ambaye boti lake liko karibu zaidi na wewe.

Watu wa mto huu hawakungoja mhandisi ili waelewe jambo hilo. Walokele walikuwa na ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa hizo mbili walisema sentensi nzima. Kijiji kilisikia na kupitishia kingine. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu, karibu kabisa na Kisangani, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma haikuwa na namba ya mtu. Ilisemesha mto mzima.

Na mto una mengi ya kusema. Januari 2024 maji yalifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, sentimita 6 tu chini ya rekodi ya 1961. Sehemu ya maji hayo ilipita kwanza mbele yetu, ikaingia katika nyumba za watu wa Tshopo. Haikudondoka usiku mmoja. Maji yanayopanda Kindu yanahitaji siku kabla ya kufika Ubundu, yakashuka maporomoko ya Wagenia na kuingia Kisangani. Mtu wa Ubundu anayesoma kipimo na kukisema asubuhi anampa mama wa Lubunga muda wa kuhamisha watoto, magodoro na mfuko wa mchele.

Pale Yangambi watafiti wanapima mvua na joto tangu wakati wa ukoloni, na leo kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa ya msitu. Je, kati ya vipimo hivyo, ni kipi kinachomfikia nahodha anayepita mbele ya Yangambi?

Hatusemi foni ni dawa ya kila kitu. Julai 8, 2011, ndege ya Hewa Bora ilianguka hapa Bangoka ikijaribu kutua katika mvua kali, watu zaidi ya 70 wakafa, na ndege haikukosa redio. Tunajua pia kwamba wakati wa vita mtu mwenye foni alishukiwa kuwa mpelelezi, na kwamba wenye silaha nao wana masikio. Ndiyo maana masafa yaombwe wazi kwa ARPTC, vituo vijulikane kwa wakuu na kwa raia, na habari zinazoweza kumponza mtu zisisemwe hewani.

Fedha je? Kila boti linalotoka bandarini linalipia karatasi kwa ofisi zaidi ya moja. Sehemu ndogo ya malipo hayo ingetosha kununua batri na kumlipa msikilizaji. Hapo ndipo mipango ya namna hii hufia, maana mashine inaletwa kwa sherehe, msikilizaji halipwi, na baada ya mwaka batri iko nyumbani kwa mtu ikiwasha televisheni.

Serkali ya jimbo, Régie des voies fluviales na Mettelsat waanze na vituo vitano: Ubundu, Kisangani, Yangambi, Isangi na Basoko. Saa kumi na mbili asubuhi Ubundu inasoma kipimo cha maji, Yangambi inataja mvua ya usiku, Isangi inasema hali ya Lomami na Basoko ya Aruwimi, kwa Kiswahili na kwa Lingala, polepole, mara mbili. Nahodha aliye bandarini Kisangani anasikiliza kabla hajafungua kamba. Saa kumi na mbili jioni, kila kituo kinataja maboti yaliyofika na yale ambayo bado yanangojewa.